Injini Ikipanda Joto Njiani: Usikimbilie Kufungua Rejeta

Kati ya mji wa Garissa na Dadaab kuna takriban kilomita 100, na sehemu kubwa ya njia hiyo haina gereji. Injini ikipata joto kupita kiasi huko, hatari haiko kwa gari pekee bali pia kwa abiria wanaobaki juani. Madereva wengi hukimbilia kufungua kifuniko cha rejeta, na hapo ndipo wanapoungua.

Maji ya rejeta huzunguka kwa shinikizo, hivyo yanaweza kupita nyuzi joto 100 bila kuchemka. Kifuniko kikilegezwa, shinikizo hushuka, maji huchemka papo hapo na kumrukia aliyesimama mbele yake.

Hatua za kwanza

1. Mshale wa geji ya joto ukianza kupanda, zima kiyoyozi na uwashe hita hadi mwisho. Hita huondoa sehemu ya joto la injini.
2. Ukifika kwenye alama nyekundu, au mvuke ukitokea, egesha mahali salama kando ya barabara, zima injini, washa taa za tahadhari na uweke vibao vya pembetatu.
3. Wapeleke abiria kivulini, mbali na barabara. Subiri angalau nusu saa. Usiguse feni, ile ya umeme inaweza kuzunguka hata injini ikiwa imezimwa.

Mshale ukishuka ghafla huku mvuke ukiendelea, usidhani injini imepoa. Huenda maji yamekwisha na kipimo hakina cha kupima.

Kutafuta chanzo

Injini ikishapoa, funika kifuniko kwa kitambaa kizito na ukifungue polepole. Kisha angalia:

• Maji yamepungua: tafuta paipu iliyopasuka, rejeta inayovuja au pampu ya maji inayodondosha.
• Maji yamejaa, lakini joto hupanda gari likisimama au likienda polepole: kagua feni, fyuzi yake na mkanda.
• Joto hupanda gari likienda kasi: huenda rejeta imezibwa na vumbi, nyasi na wadudu, au thamostati imekwama.
• Maji hupungua bila kuvuja, moshi mweupe mzito unatoka, au oili imekuwa kama maziwa: huenda gasketi ya silinda hedi imeungua. Usiwashe injini tena; gari livutwe hadi kwa fundi.
• Mshale unaruka hadi kwenye nyekundu mara tu gari baridi linapowashwa: huenda ni sensa au waya wake.

Ongeza maji kidogo kidogo. Maji baridi yakimwagwa kwenye injini ya moto yanaweza kupasua silinda hedi. Maji ya kisima yenye chumvi hula chuma na kuacha ukoko ndani ya rejeta. Yakitumika kwa dharura, fundi asafishe rejeta baadaye na kuijaza kulanti.

Kabla ya safari

Kagua maji, mkanda na paipu asubuhi, injini ikiwa baridi. Beba mitungi miwili: mmoja wa gari na mwingine wa kunywa. Maji ya kunywa yasimiminwe kwenye rejeta inayovuja, kwani yatakwisha na gari bado halitafika.

Aliyeungua amwagiwe maji safi ya kawaida kwa dakika 20, asipakwe dawa ya meno wala mafuta, kisha apelekwe kituo cha afya kilicho karibu. Nambari za dharura ni 999 na 112.