SOMO LA WIKI: Kabla ya kununua kompyuta nyingine, jua ile ya kwanza ilikufa kwa nini

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Ndivyo alivyo mfanyabiashara ambaye amekwisha kununua kompyuta mbovu mara mbili. Anapoingia dukani mara ya tatu, ama hutafuta ya bei ya chini kabisa ili hasara ikija iwe ndogo, ama hutafuta ya bei ya juu kabisa akiamini kuwa pesa nyingi ni kinga. Njia zote mbili zaweza kumrudisha kwa fundi.

Somo la wiki hii linamhusu mnunuzi wa kompyuta ya nyumbani, hasa yule ambaye mashine moja inatumiwa na watoto kwa masomo mchana, na usiku inabeba hesabu za duka, orodha ya wadeni na kumbukumbu za hisa zake. Kwa mtu huyo, kompyuta ikifa hafi mashine peke yake. Deni lisiloandikwa kwingine nalo limekwenda.

Chanzo kwanza, duka baadaye

Kosa kubwa la wanunuzi wengi ni kulaumu aina ya kompyuta bila kujua kilichoiua. Kama chanzo ni umeme wa nyumbani, hata mashine mpya itakufa kwa ugonjwa ule ule. Kwa hiyo fundi asilipwe kwa kusema tu kwamba "imekufa". Aombwe aeleze ni sehemu gani imeharibika na kwa nini.

Dalili nyingine mnunuzi anaweza kuzitambua mwenyewe. Kompyuta ambayo haikuwaka tena baada ya umeme kukatika na kurudi huenda imeunguliwa na pawasaplai, yaani kile kisanduku cha kupokea umeme ndani ya mashine. Inayojizima baada ya kufanya kazi kwa muda mfupi, huku ikiwa ya moto na feni ikivuma, mara nyingi imezibwa na vumbi. Inayotoa mlio wa kugonga-gonga na kuchelewa kufungua mafaili inaelekea kuwa na diski ngumu inayokufa. Hiyo nakala za kazi zitolewe siku hiyo hiyo.

Zipo pia kompyuta za mezani zinazoletwa kutoka Marekani zikiwa na swichi ndogo nyuma, yenye alama za 115 na 230. Umeme wa Tanzania ni volti 230 na wa Kenya ni volti 240. Swichi ikiachwa kwenye 115, mashine yaweza kuungua mara inapochomekwa. Hapo si kiwanda kilichokosea.

Jina kubwa si kinga

Historia ya biashara hii inaonyesha kwamba hata kampuni kubwa hutoa bidhaa zenye kasoro. Mwaka 1994, Profesa Thomas Nicely wa Marekani aligundua kuwa chipu ya Pentium ya kampuni ya Intel ilikuwa inakosea katika baadhi ya hesabu za kugawanya. Mwanzoni Intel ilitaka kuwabadilishia wale tu ambao wangeonyesha kwamba kazi yao inahitaji usahihi huo. Wateja walikasirika, na mwezi Desemba mwaka huo kampuni ikakubali kumbadilishia kila aliyetaka. Kasoro hiyo iliigharimu dola milioni 475.

Katika miaka ya mwanzo ya 2000, kapasita mbovu zilienea katika kompyuta za makampuni mengi. Zilivimba vichwa, zikavuja na kuua ubao mama. Mwaka 2005 kampuni ya Dell ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya matengenezo ya kompyuta zilizoathirika.

Funzo kwa mnunuzi na kwa mwenye hisa ni moja. Kasoro hutokea kwa kila mtengenezaji. Tofauti iko katika nani anayebeba gharama inapojitokeza. Kwa hiyo dhamana iliyoandikwa ni sehemu ya bidhaa, na ina bei yake.

Hesabu ya kila mwezi

Bei ya dukani haitoshi kulinganisha mashine mbili. Inafaa kuhesabu gharama ya kila mwezi wa kazi. Huu ni mfano wa kufundishia tu.

Kompyuta A ni ya mtumba, bila dhamana, kwa sh. 400,000. Betri mpya sh. 80,000, diski sh. 120,000 na ufundi sh. 60,000. Jumla ni sh. 660,000. Mwenye duka anapoteza siku tisa za kazi akisubiri fundi, kila siku faida ya sh. 15,000, sawa na sh. 135,000. Jumla kuu ni sh. 795,000. Mashine inakufa mwezi wa 15. Kila mwezi imemgharimu sh. 53,000.

Kompyuta B inauzwa sh. 900,000 ikiwa na dhamana ya mwaka mmoja. Katika mwaka wa tatu inabadilishwa betri kwa sh. 100,000. Ikidumu miaka minne, yaani miezi 48, kila mwezi ni kama sh. 20,800.

Lakini hesabu hiyo ina upande wa pili. Kompyuta B ikifa kabla ya mwezi wa 17 bila kulipiwa na mtu, itakuwa imekula pesa nyingi kuliko A. Dhamana inamlinda mnunuzi kwa miezi 12 ya kwanza tu. Inayobaki hulindwa na matunzo yake mwenyewe: UPS inayompa dakika chache za kufunga kazi umeme unapokatika, kifaa cha kuzuia mshtuko wa umeme unaporudi, na kusafisha vumbi kabla feni haijaziba. Pesa za vitu hivi zitengwe kabla ya kuchagua kompyuta, si baada.

Mashine inayozeeka ingali nzima

Mtumba si dhambi, na mashine ya ofisi iliyotunzwa yaweza kuishinda mpya ya bei ya chini. Hata hivyo, tangu Oktoba 14, 2025 kampuni ya Microsoft imesimamisha marekebisho ya kawaida ya bure ya usalama kwa Windows 10. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel kwa kawaida inaanzia kizazi cha 8. Kwa sababu hiyo, mashine nyingi za zamani ni za bei nafuu kwa kuwa wenyewe wanazikimbia.

Kizazi husomwa baada ya kistari. Prosesa ya i5-6300U ni ya kizazi cha 6, i5-8250U ni ya 8, na i5-1135G7 ni ya 11. Muuzaji akisema "hii ni i7" bila namba kamili, bado hajasema kitu. Namba isomwe ndani ya mashine ikiwa imewaka, kwani stika hubandikwa na yeyote.

Saa moja dukani kabla ya kulipa

Mnunuzi asikubali kuonyeshwa kompyuta ambayo tayari inawaka. Izimwe, ipoe, kisha aiwashe mwenyewe. Baada ya hapo afuate mambo haya:

1. Aingie kwenye mipangilio ya awali, yaani BIOS, kuona kama inadai neno la siri. Alinganishe namba ya mashine iliyomo humo na ile iliyo chini ya kasha.

2. Aiunganishe na intaneti ikiwa imesafishwa upya. Mashine iliyokuwa ya shirika fulani yaweza kudai akaunti ya shirika hilo. Ikidai, iachwe hapo hapo, hata bei ikishushwa.

3. Kwa kompyuta ya mapajani yenye Windows, aandike amri ya powercfg /batteryreport. Taarifa itaonyesha uwezo wa betri ilipotengenezwa na uwezo wake wa sasa. Ikiwa ya pili ni nusu ya ya kwanza, bei ya betri mpya itolewe kwenye bei ya mashine.

4. Apime diski kwa programu ya bure kama CrystalDiskInfo, inayoonyesha afya ya diski na mara nyingi saa ilizotumika.

5. Acheze video kwa nusu saa, asikilize feni, na wakati huo ajaribu kila kitufe na kila tundu.

Muuzaji anayekataa majaribio haya amemjulisha mnunuzi anachohitaji kujua.

Karatasi na nakala

Risiti iandikwe aina ya mashine, namba yake na muda wa dhamana, pamoja na neno moja muhimu: ikiharibika itabadilishwa, itatengenezwa, au pesa zitarudishwa? Tangazo la "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" lisimtishe mnunuzi aliyeuziwa kitu kibovu. Nchini Kenya, Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili na fidia kwa hasara itokanayo na kasoro. Tanzania Bara inayo Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ambayo pia humlinda mlaji.

Hata hivyo, hakuna dhamana inayorudisha orodha ya wadeni. Muuzaji atabadilisha diski, lakini haijui Mama Asha anadaiwa kiasi gani. Nakala moja iwe kwenye diski ya nje inayowekwa mbali na mashine, nyingine kwenye hifadhi ya intaneti, na zote zijaribiwe kufunguliwa kila mwezi. Kazi hiyo ianze jioni ile ile kompyuta inapofika nyumbani, kabla watoto hawajaweka michezo.