Daraja la Victoria na Somo la Chuma

Kuna wenzetu hapa shuleni wanaodai ati Kiswahili ni cha hadithi na mashairi tu, Fizikia haisemeki. Leo nitawajibu kwa mfano mmoja: daraja la reli lililo kando ya Maporomoko ya Victoria.

Maporomoko hayo ya mto Zambezi yako mpakani mwa Zambia na Zimbabwe. Wakololo waliyaita Mosi-oa-Tunya, yaani moshi unaonguruma. Maji huanguka zaidi ya mita 100. Cecil Rhodes, aliyetamani reli ya kutoka Cape hadi Cairo, alitaka manyunyu yake yalirukie gari moshi likipita. Alifariki mwaka wa 1902 bila kuliona daraja lenyewe.

Swali la kwanza: utajengaje daraja mita 128 juu ya maji yaendayo kasi? Kusimamisha nguzo mtoni si mchezo. Wahandisi walichagua tao, yaani umbo lililopinda kama upinde. Gari moshi likipita, tao huusukuma uzito wake hadi kwenye miamba ya kingo mbili. Chuma cha pua kilitengenezwa Uingereza, kikaja kwa meli hadi Beira, Msumbiji, kisha kwa reli. Fataki ilirushwa ng'ambo ikivuta uzi; uzi ukavuta kamba nene zaidi, na mwishowe waya wa kubebea vifaa. Kila nusu ya tao ilianzia ukingo wake, ikashikiliwa nyuma kwa nyaya isije ikatumbukia.

Swali la pili: nusu hizo zilipokutana zilikataa kuingiana. Mbona? Chuma kikipata joto hutanuka, kikipoa hunywea. Kwa jua la mchana zilizidiana kwa takribani sentimita 3. Basi usiku ukapoza chuma, na asubuhi ya tarehe 1 Aprili 1905 zikaingiana barabara. Daraja lilifunguliwa tarehe 12 Septemba 1905. Subira huvuta heri, bwana!

Sasa niambieni, neno gani limenishinda? Tao, kutanuka, kunywea: yote ni ya Kiswahili, na anayeyaelewa hahitaji kukariri. Tuwaeleze hivyo wenzetu wanaotaka kuiacha Fizikia.

Maswali ya zoezi:
1. Eleza jinsi tao linavyobeba uzito.
2. Kwa nini nyaya za stima huachwa zilegee kidogo kati ya nguzo?