Kupaka rangi dari bila mistari

Wanachuo wengi tunaopanga Mpanda tunaelewana na mwenye nyumba: yeye ananunua rangi, sisi tunapaka. Ukuta unasamehe; dari haisamehi. Mwanga wa dirisha ukiipiga kwa upande, kila mstari unaonekana.

Mistari hutokea rola inapopita juu ya rangi iliyoanza kukauka. Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, hewa ya Katavi ni kavu na bati linawaka. Ikifika saa sita mchana rangi ya maji inakauka fasta. Kwa hiyo anza saa moja asubuhi, feni ikiwa imezimwa.

Kwanza futa vumbi na utando wa buibui. Doa la bati lililovuja lipake rangi ya mafuta, likauke, la sivyo litajitokeza tena.

Pili, usizungushe brashi chumba kizima. Paka ukingo wa upande mmoja, kisha ingia na rola hapohapo. Mkiwa wawili, mmoja ashike brashi, mwingine rola.

Tatu, nenda kwa vipande vya kama mita 1, kila kipande kiingie kwenye kilichotangulia kikiwa bado kibichi. Usikandamize rola, ikikauka, ichovye. Malizia kwa mkono mwepesi, kuelekea dirishani.

Ukiona pamebaki upara, usirudi. Subiri mkono wa pili, ukatize wa kwanza.

Chumba kimoja kikitoka safi, jirani atakuita. Hiyo ni nauli ya likizo, mwanangu.