Somo: Kuwasemea Wengine

Soma Mithali 31:8-9.

Ndugu wapendwa, andiko hili latuagiza kuwasemea wasio na mtetezi. Tutazame mfano wa Bibi Mary Simon wa Kanada.

Alizaliwa mwaka 1947 huko Nunavik, kaskazini mwa Quebec. Mama yake alikuwa Mwinuit, kabila la wenyeji wa nchi za barafu, ambao wengi wao ni Waanglikana kama sisi. Watoto wengi wa wenyeji walitengwa na wazazi wao, wakapelekwa shule za bweni na kukatazwa lugha zao. Baadhi ya shule hizo ziliendeshwa na Kanisa letu, nalo liliomba radhi mwaka 1993.

Bibi Simon alianza kazi kama mtangazaji wa redio. Mwaka 1994 akawa balozi wa Kanada kwa mambo ya Aktiki, akashiriki mazungumzo yaliyozaa Baraza la Aktiki mwaka 1996. Humo wajumbe wa wenyeji huketi meza moja na serikali nane.

Tarehe 11 Juni 2008 Serikali iliomba radhi Bungeni. Bibi Simon, akiwa kiongozi wa Wainuit, alijibu kwanza kwa Kiinuktituti, lugha iliyokatazwa. Alishukuru, lakini akakumbusha kwamba makovu hayafutiki kwa usiku mmoja.

Mwaka 2021 aliapishwa kuwa Gavana Mkuu, mwenyeji wa kwanza kushika cheo hicho.

Maswali ya kujadiliana:
1. Katika mtaa wetu, ni nani asiye na msemaji?
2. Baada ya kuomba radhi, tunadaiwa nini?