ELIMU KWA UMMA: Halmashauri Iliyozungukwa na Maji

Mkazi wa Nyakitonto hupima umbali kwa milima na barabara. Katika Wilaya ya Mafia, Mkoa wa Pwani, umbali hupimwa kwa maji. Wilaya hiyo ni kundi la visiwa katika Bahari ya Hindi, mkabala wa delta ya Mto Rufiji. Kisiwa kikuu kinaitwa Mafia. Vidogo vinavyokaliwa ni pamoja na Chole, Juani, Jibondo na Bwejuu. Makao makuu yako Kilindoni. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi zaidi ya 66,000, wengi wao wakiishi kwa uvuvi na minazi.

Mafia ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar hadi Wajerumani walipoitwaa mwaka 1890. Waingereza waliiteka mwaka 1915, na mwaka 1922 ikaunganishwa na Tanganyika.

Huduma na bahari

Kisiwani, bahari ndiyo barabara. Saruji, dawa na vitabu vya shule huvuka maji kabla ya kufika, na mgonjwa wa kisiwa kidogo anayehitaji hospitali hungoja chombo na hali ya hewa. Jibondo ni kisiwa cha mawe ya matumbawe. Kwa miaka mingi wakazi wake walitegemea maji ya mvua na yale yaliyoletwa kwa vyombo kutoka kisiwa kikuu.

Bahari pia ni mali. Mwaka 1995 ilianzishwa huko Hifadhi ya Bahari ya kwanza nchini, yenye eneo la kilomita za mraba 822. Humo vijiji huendelea kuvua kwa masharti yanayolinda matumbawe na mazalia ya samaki.

Sheria ni moja

Mafia na Kasulu zinaongozwa na Sheria ile ile ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, ya mwaka 1982. Kero huanzia kitongojini, hujadiliwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji, hupita Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha hufikishwa na diwani kwenye Baraza.

Mkutano Mkuu wa Kijiji hupaswa kuitishwa walau kila miezi mitatu, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe. Kisima kisichotajwa mkutanoni ni vigumu kuingia katika bajeti, kiwe cha kisiwani au cha mlimani. Mwananchi anayehudhuria, akauliza mapato na matumizi, huifupisha safari ya huduma kumfikia.