Kuandika Upya Bila Kufuta: Jinsi ya Kutunza Daftari Lako la Kumbukumbu

Katika kazi ya amani tunakutana mara kwa mara na watu walioandika maisha yao. Mmoja ana daftari, mwingine ana barua au kaseti, na siku hizi wengine wana faili katika simu. Miaka ikipita, mwenyewe hutaka kuyapa maandishi yake sura mpya ili watoto na majirani wayasome. Hapo panahitaji uangalifu. Tukiyasafisha mno, tunafuta ushahidi. Tukiyatoa yote kama yalivyo, tunaweza kutonesha vidonda vya wengine. Somo hili linaeleza jinsi ya kufanya kazi hiyo, kwa kutumia mfano wa mji wetu wenyewe.

Mfano wa mwaka 1965

Mwaka 1965 chama cha waliokuwa wafanyakazi wa nyumbani, yaani maboyi wa Wazungu, kilikusanya historia ya Elisabethville. Aliyeiweka katika maandishi ni André Yav. Kazi hiyo ilipewa jina la Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville, lakini si kamusi. Ni masimulizi ya mji tangu mwanzo wake hadi mwaka ule, kwa Kiswahili cha hapa, katika kurasa zaidi ya 30 zilizopigwa kwa mashini. Mwaka uliofuata, 1966, mji ukaitwa Lubumbashi.

Kiswahili cha mji hakikuwa na tahajia iliyokubaliwa na wote. Katika maandishi yale, maneno mengine yameunganishwa na mengine yamekatwa, hata jicho linapotea. Mtafiti Johannes Fabian alipoyashughulikia, mwenzake Kalundi Mango aliyasoma kwa sauti. Kilichokuwa kigumu kwa jicho kikaeleweka kwa sikio, na usomaji huo ukaandikwa upya. Kitabu kilichotoka mwaka 1990 kiliweka pamoja maandishi ya asili, toleo lile la kusomwa kwa sauti, na tafsiri ya Kiingereza. Mwaka 2001 kazi hiyo iliwekwa pia kwenye intaneti.

Tazama jambo moja: toleo jipya halikuchukua nafasi ya lile la kwanza. Yote yamesimama pamoja, na msomaji anaweza kulinganisha. Hiyo ndiyo kanuni ya somo hili.

Vifaa

Huhitaji vitu vya bei kubwa. Tafuta daftari lenye jalada gumu, kalamu za rangi mbili, bahasha, na simu inayopiga picha na kurekodi sauti. Kama kuna kompyuta, ongeza flashi mbili. Kama hakuna, kibanda cha fotokopi kinatosha.

Hatua za kazi

1. Linda maandishi ya kwanza. Kabla ya kubadili neno lolote, piga picha kila ukurasa au toa fotokopi. Usiandike juu ya karatasi ya zamani. Kuanzia hapo, kazi yote ifanyike kwenye nakala.

2. Soma kwa sauti. Mwenyewe asome, au asomewe na mtu wa lugha yake, huku simu ikirekodi. Andika upya kile kinachosikika. Usigeuze Kiswahili cha Lubumbashi kuwa cha vitabuni. Ukitaka toleo la namna hiyo, liwe toleo la pili.

3. Panga. Tukio moja, ukurasa mmoja. Juu andika mwaka, mahali, na namna ulivyojua: niliona, nilisikia kwa fulani, au nadhani. Ugomvi mwingi hutoka kwa mtu aliyesikia jambo akalisimulia kama aliyeliona.

4. Acha majina ya wakati ule. Jimbo letu liliitwa Katanga, likawa Shaba mwaka 1971, likarudia Katanga mwaka 1997, na mwaka 2015 likagawanywa, sisi tukawa Haut-Katanga. Kama daftari linasema Shaba, liache, kisha eleza pembeni kwa kalamu ya rangi nyingine. Jina la zamani linasaidia kujua maneno yaliandikwa lini.

5. Sahihisha kwa tarehe. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika jimbo hili. Likasi na Kolwezi, familia zililala kwenye stesheni zikingoja treni. Tuseme mtu aliandika wakati ule: "Waende kwao, wametunyang'anya kazi." Leo hafikiri hivyo tena, na mke wa mtoto wake ni Mluba wa Kasai. Je, akate mstari ule? Hapana. Aandike chini yake tarehe ya leo, kisha aeleze amejifunza nini na nani alimfundisha. Mstari ukikatwa, mjukuu hataona kwamba mtu anaweza kubadilika. Mstari ukibaki peke yake, chuki inaendelea kusema.

6. Gawa nakala ya nyumbani na nakala ya watu. Nakala ya nyumbani ina kila kitu na inafungwa katika bahasha. Katika nakala ya watu, ondoa jina la yeyote anayeweza kudhuriwa, weka herufi tu, na useme wazi kwamba umebadili. Hapa Golf, nyuma ya kuta za nyumba nyingi, wako walinzi, wapishi na wafua nguo wenye mambo ya kusimulia kama wenzao wa 1965. Maneno yao yakitoka bila ulinzi, wanaweza kupoteza kazi. Omba ruhusa ya kila anayetajwa. Kama amefariki, ongea na familia.

7. Andika nani alifanya nini. Nani alisema, nani aliandika, nani alisoma, nani alitafsiri. Tazama lile la 1965: tunajua chama na tunajua mwandishi.

Matunzo

Weka nakala tatu, na moja iwe nje ya nyumba yako, kwa sababu moto, mvua na mchwa havichagui. Faili ya kompyuta ihifadhiwe pia katika muundo rahisi wa maandishi matupu, maana programu hubadilika na faili ya zamani inaweza kukataa kufunguka. Toa nakala ya karatasi vilevile, isomeke hata umeme ukikosekana. Kila miezi 3, fungua flashi na bahasha uone kama vyote ni salama, kisha andika tarehe ya ukaguzi kwenye jalada.

Maswali ya kujadili katika kikundi

- Ni maneno gani ya mwaka 1992 au 1993 ambayo familia yetu haipendi kuyasoma tena? Kuyaficha kunamsaidia nani?
- Nani katika mtaa wetu ana kumbukumbu ambayo haijaandikwa? Anaogopa nini?
- Jirani wa asili nyingine akisoma daftari letu, ataongeza nini pembeni?

Zoezi

Kila mshiriki alete ukurasa mmoja wa zamani. Wawili wawili, msomeane kwa sauti. Msomaji asikosoe. Baada ya kusikiliza, mwenye ukurasa aandike chini yake sentensi tatu zenye tarehe ya leo. Kwa mwanzo, hiyo inatosha.