Bosi wa Benki Akiondolewa, Pesa Zako Je?

Umesikia pale steji ya Miritini kwamba mkurugenzi wa benki yako ametimuliwa? Usikimbilie kutoa pesa. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Benki kinaipa Benki Kuu ya Kenya uwezo wa kumwondoa afisa aliyechangia kuvunja sheria. Anayetoka ni yeye. Akaunti yako inabaki.

Hatari ni kuchelewa. Imperial Bank, madai ya ulaghai yaliibuka baada ya mkurugenzi mkuu kufariki Septemba 2015; tarehe 13 Oktoba ikafungwa, wateja wakakwama.

Tunakushauri: weka taarifa za akaunti na meseji za miamala. Benki ikifungwa kabisa, bima ya amana hulipa hadi shilingi 500,000 kwa kila mteja.